Taya la Mwanaidi na Neno Nililolipunguza

Zahanati ya Fukayosi,
Wilaya ya Bagamoyo,
Jumapili, mwezi wa Mfunguo Pili.

Dada yangu Zuhura, uliyenilea kama mama,

Shikamoo, dada. Miguu yako inaendeleaje? Uliniandikia kwamba ilikuwa inavimba ukisimama jikoni, nami nikakutumia ushauri wa kuiinua juu ya mto, lakini najua wewe hukai. Shemeji Bakari hajambo? Na wapwa zangu, wanakwenda chuoni au wanapitia pwani kwanza ndipo wakumbuke chuo? Kwa upande wangu mwili ni mzima, alhamdulillahi. Ila nimechoka, dada. Ni uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Utaona nimeandika kwa herufi za Kiarabu, ingawa mkono wangu umezisahau na mistari inapanda na kushuka. Nimefanya hivyo ili barua hii uisome mwenyewe. Usimpe shemeji akusomee, wala mwalimu. Ukishamaliza, kama utaona inafaa kumweleza shemeji, hiari yako.

Najua nimekaa kimya tangu kabla ya mvua. Mvua za mwaka huu zilizidi. Ruvu ilifurika mpaka mpunga wa watu wa Makurunge ukalala chini ya maji, na kwa wiki nyingi dawa hazikuweza kufika huku. Zahanati yangu ni chumba kimoja na kibaraza, na mimi ndiye dresa wa kufunga vidonda na kugawa dawa, ndiye karani na mfagiaji. Alfajiri nikifungua mlango nawakuta watu wamekwisha kukaa: homa, vidonda vya miguu, safura, watoto wenye macho mabaya. Hayo nimeyazoea. Si hayo yaliyonifanya nisiandike.

Jambo lenyewe lilianza miaka mitatu iliyopita, na sikukwambia hata nilipokuja likizo.

Hapa jirani na zahanati anakaa mzee mmoja wa Kikwere, Mzee Kondo, mkulima wa muhogo na ufuta. Ana binti yake anaitwa Mwanaidi, ameolewa na kijana wa hapahapa, Shomari. Mwanaidi alikuja kwangu akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na taya lake la kushoto, la chini, lilikuwa limevimba kama mtu aliyeweka embe changa shavuni. Lilikuwa halimuumi. Alidhani ni jino, akang'olewa gego huko Bagamoyo mjini, lakini uvimbe uliendelea kukua polepole, mwezi hata mwezi. Nikamwandikia daktari wa wilaya, naye akasema apelekwe Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa, apigwe picha ya mfupa. Na kwa kuwa nilikuwa na safari ya kuchukua dawa hukohuko, nikaambiwa nimsindikize. Shomari alibaki kuvuna.

Kule tulipokewa na daktari wa upasuaji, Mzungu mrefu mwenye sauti ya upole. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia. Mkalimani wa hospitali alikuwa amefiwa, hayupo. Daktari akanitazama akasema, wewe ni dresa, umesoma Kiingereza, mfasirie.

Dada, yule mtu alieleza vizuri sana. Alichukua karatasi akachora taya kama upinde, akatia wino mahali penye uvimbe. Akasema huu si saratani. Hauendi kwenye mapafu wala kwenye ini, hautamuua kesho wala keshokutwa. Umeanzia pale jino linapoumbikia, nao unaula mfupa kidogo kidogo kutoka ndani. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupasua, kukwangua uvimbe wote, na kuliacha taya lenyewe. Hiyo ni nyepesi, baada ya siku kumi mtu yuko kwake, na uso haubadiliki. Ya pili ni kukata kipande cha taya chenyewe, pamoja na mfupa mzima kidogo kila upande, ili usibaki mzizi. Hiyo inaacha shavu limebonyea na meno ya upande ule hayapo. Kisha akasema kwamba aina hii ya uvimbe, ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Alilirudia neno hilo, akagonga karatasi kwa kalamu. Akasema kama ni yeye angekata sasa, wakati uvimbe bado mdogo na kipande cha kuondoa ni kidogo. Lakini uso ni wa mgonjwa, basi achague mgonjwa.

Muda wote huo Mwanaidi hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Mtoto alikuwa ananyonya. Aliponyamaza daktari, akaniuliza, "Amesema nini?"

Nikamweleza. Nilisema si saratani. Nilisema njia ni mbili, ya kukwangua na ya kukata. Nilisema ya kukata itamharibu uso. Na nilipofika kwenye kurudi, nikasema, "Ukikwanguliwa, mara nyingine hurudi."

Mara nyingine. Daktari alisema mara nyingi.

Halikunitoka kwa bahati mbaya. Nilikuwa na neno sahihi mdomoni, nikalimeza nikatoa jingine. Wala sikusema kwamba yeye daktari angekata. Mwanaidi akashusha pumzi akasema, "Basi akwangue." Nikageuka nikamwambia daktari, amechagua kukwanguliwa. Akaniuliza, "Ameelewa?" Nikasema ndiyo.

Nimejiuliza mara ngapi kwa nini nilifanya hivyo. Sehemu moja ni mama. Unakumbuka siku ile hospitalini, yule bwana daktari alivyotuambia habari za tumbo la mama, yote kwa mkupuo, mama mwenyewe akisikiliza? Unakumbuka alivyoinuka, akajifunga kanga yake, akatembea mpaka nje ya geti, na hakukubali tena kurudi mpaka alipofariki? Nilikuwa mdogo, lakini nilimshika mkono njia nzima. Siku ile Dar es Salaam nilimwona Mwanaidi ameukaza mkono juu ya mtoto, nikawaza, huyu akisikia yote atainuka aende zake, na hatapata hata hiyo ya kukwangua. Hiyo ni kweli. Lakini kuna sehemu nyingine nayo nitaisema kwako, maana nikikuficha wewe nimekwisha. Nilikuwa nataka kurudi. Kumkata kungetaka tukae Dar es Salaam mwezi au zaidi, nami nilikuwa nimelala sakafuni kwa rafiki siku nne, nimechoka na kunguni. Sijui huruma ilikuwa kiasi gani na uvivu kiasi gani.

Akakwanguliwa. Siku ya kumi na moja tukarudi, shavu lake limepungua, kovu halionekani maana walipitia ndani ya mdomo. Daktari alisema aje kuangaliwa kila baada ya miezi sita. Nilimwambia, lakini nilimwambia kwa sauti ya mtu anayesema ukipata nafasi. Alikwenda mara moja. Kijiji kizima kilinisifu. Mzee Kondo aliniletea jogoo, akasema, "Bwana Dresa, umenirudishia mwanangu na uso wake." Nilimchinja yule jogoo nikamla, dada. Nilimla vizuri.

Miaka miwili ikapita. Mwaka jana, karibu na mavuno ya ufuta, Mwanaidi akaja zahanati akiwa amejifunika kanga mpaka juu ya mdomo. Alisubiri hadi watu wakaisha, ndipo akaingia na kuishusha. Sikuhitaji picha ya mfupa. Uvimbe ulikuwa umeenea kutoka kwenye kidevu mpaka karibu na sikio. Nilipobonyeza kwa kidole, mfupa ukalia chini ya ngozi, ukabonyea kama ganda la yai. Nikaondoa mkono haraka.

"Umerudi," akasema. "Ulisema mara nyingine hurudi. Basi ndiyo bahati yangu."

Akacheka kidogo, kwa upande mmoja. Alikuwa ananifariji mimi, dada. Alidhani nimehuzunika kwa ajili yake tu.

Sikumwambia siku ile. Nilimwambia tutaandika barua kwa daktari wa wilaya, akaenda zake. Nikakaa juma zima siwezi kula. Nilikuwa naweza kunyamaza, nani angejua? Karatasi ya daktari ilikuwa kwa Kiingereza. Lakini nilijua tutarudi Dar es Salaam, na ataulizwa tena achague, na atachagua kwa kufuata yale niliyomwambia mara ya kwanza. Angesema, labda safari hii haurudi.

Ijumaa baada ya swala nikaenda kwa Mzee Kondo. Alikuwa amekaa barazani na Shomari, wanasuka ukili. Mwanaidi alikuwa uani anatwanga kisamvu. Wakanikaribisha, wakanipa kigoda. Nikasema, "Mzee, nimekuja na neno baya, na ubaya wenyewe ni wangu."

Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Sikumtaja mama, maana ingekuwa kama kujitetea. Mchi ukanyamaza uani.

Shomari ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ulituongopea."

"Nilipunguza neno."

"Kupunguza na kuongopa vina tofauti gani?"

Mwanaidi akatokea mlangoni, mikono imejaa majani. Akasema, "Rudia. Maneno ya daktari, kama alivyoyasema yeye." Nikarudia. Nilipofika kwenye kipande kidogo ambacho kingekatwa wakati ule, akajishika shavu.

"Kaka Salum," akasema, "mimi sikukuomba unihurumie. Nilikuuliza amesema nini."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. Mzee Kondo akaweka chini ukili wake, akasema, "Bwana Dresa, nenda nyumbani. Leo hatuwezi kuzungumza nawe." Nikaondoka. Wiki ile wagonjwa walikuwa wachache, na waliokuja hawakuniamkia kama zamani. Mama mmoja aliniuliza kuhusu dawa ya mtoto wake, nilipomjibu akaniuliza tena, "Kweli?"

Kwa miezi mingi Shomari hakutaka kusikia habari za hospitali. Mvua zilipoanza akampeleka mkewe Vigwaza, kwa mganga mmoja anayesifika kwa vivimbe. Nilisikia habari zake baadaye kutoka kwa Mwanaidi mwenyewe. Yule mganga alimpapasa taya pande zote, akanawa mikono, akasema, "Huu ni mfupa. Mimi sina dawa ya mfupa. Rudini kwa wenye visu, wala msikawie." Hakuchukua hata kuku wao. Dada, nilipoyasikia hayo niliona aibu kuliko siku zote. Mganga wa porini alimwambia kweli kabla maji hayajakauka mikononi.

Waliporudi, Mwanaidi akaja peke yake. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Nakwenda Dar es Salaam," akasema. "Shomari atakuja, nawe utakuja. Utafasiri kila neno. Hata nikilia, utaendelea. Hata Shomari akikukataza, utaendelea."

Nikasema nitafanya hivyo. Nikaomba ruhusa kwa daktari wa wilaya, na nilipoomba nilimweleza sababu. Alinisikiliza, akafunga mlango, akasema hilo nisiliandike popote, litaniharibia kazi na litawafanya watu waogope hospitali. Akanipa ruhusa ya majuma matatu. Ndiyo maana na wewe nakwandikia kwa herufi hizi.

Tuliondoka maji yakiwa bado hayajapungua. Tulivuka Ruvu kwa mtumbwi, Mwanaidi amekaa katikati, Shomari mbele, mimi nyuma. Bagamoyo tukapata lori la Mhindi lililopakia nazi, tukakaa juu ya nazi mpaka Dar es Salaam.

Daktari alikuwa mwingine, kijana, nywele nyekundu. Safari hii mkalimani wa hospitali alikuwepo, bwana mtanashati mwenye kalamu mbili mfukoni. Mwanaidi akamkataa. Akasema mbele yake, akinionyesha kwa kidole, "Namtaka huyu. Huyu anaogopa kunidanganya tena." Mkalimani akaudhika, akatoka.

Daktari akainua picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha. Hata mimi niliona. Mahali pa mfupa palikuwa na mapovu meusi, moja juu ya jingine. Akaanza kusema, nami nikawa namfuata sentensi kwa sentensi, nikimwomba asimame kila mara ili nisipitwe.

Alisema uvimbe ni uleule, bado si saratani. Alisema unaweza kukwanguliwa tena, na kwamba kwa mtu mzee sana au mnyonge wa moyo wao hufanya hivyo, wanakwangua na kuangalia, wanakwangua na kuangalia, mpaka siku zake ziishe. Lakini kwa kijana mwenye miaka mingi mbele, na ambaye umekwisha kumrudia, yeye hashauri. Alisema ukingo wa chini wa taya umekuwa mwembamba mno, hauwezi kuachwa. Kwa hiyo itabidi kuondoa kuanzia karibu na kidevu mpaka chini ya sikio. Nusu ya taya.

Kisha akasema jambo ambalo nilijua linakuja. Alikuwa anasoma karatasi za zamani. Alisema kama ingechaguliwa njia ya kukata mara ya kwanza, kingeondolewa kipande cha upana wa vidole viwili, na ukingo wa taya pengine ungebaki, na uso usingebadilika sana.

Nikanyamaza. Daktari akanitazama. Mwanaidi akasema, "Endelea."

Nikalisema. Nililisema lote, vidole viwili, na ukingo, na uso. Kuna maneno, dada, ambayo mtu akiyatoa mdomoni anasikia meno yake mwenyewe yanauma. Shomari akainuka akaenda kusimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

Mwanaidi hakulia. Alianza kuuliza, na maswali yake alikuwa ameyapanga njiani, juu ya zile nazi. Ataweza kusema? Daktari akajibu, ataeleweka, lakini baadhi ya herufi hazitatoka sawasawa. Atakula nini? Uji kwanza, kisha vitu laini, ugali laini baada ya miezi, nyama ngumu hapana. Kidevu kitakaa wapi? Kitavutwa kuelekea upande uliokatwa. Ataweza kusoma Fatiha? Daktari hakuelewa swali. Nikamweleza ni sura tunayoisoma kwenye kila swala. Akafikiri, akasema ataisoma, ila mwenyewe atasikia tofauti. Wanaweza kumtia mfupa mwingine? Akasema baada ya mwaka, kama uvimbe haukuonekana tena, wanaweza kujaribu kuchukua mfupa wa nyonga. Wakati mwingine hushika, wakati mwingine huoza. Hawezi kuahidi.

"Na ukikatwa, hurudi?"

"Mara chache," akasema daktari. Nikasema mara chache. Mwanaidi akaniuliza, "Amesema chache au amesema kamwe?" Nikasema, chache.

Akaitazama tena ile picha ya mfupa. Kisha akasema, "Nikikwanguliwa, kila asubuhi nitaamka nikijipapasa shavu. Nimejipapasa miaka miwili. Nimechoka. Akate."

Shomari akageuka. "Na uso wako, Mwanaidi?"

"Uso ni wangu, Shomari. Wewe kazi yako ni kuutazama."

Kwa upasuaji mkubwa kama huu hospitali ilitaka dole gumba la mume kwenye karatasi ya kukubali. Shomari alishika ile karatasi kwa muda mrefu ingawa hajui kusoma. Akaniuliza mimi, maneno yake ya kwanza kwangu tangu Fukayosi, "Nikikataa?" Nikamwambia, ukikataa hawatamkata, mtarudi nyumbani, na uvimbe utaendelea. Hautamuua mwaka huu. Utakula mpaka taya livunjike lenyewe siku moja akitafuna. Akatia dole.

Siku ya kukatwa alichukuliwa asubuhi, na adhuhuri ikapita hajatoka. Tulikaa chini ya ukuta, mimi na Shomari. Akaanza kuzungumza bila mimi kumuuliza. Alisema alimposa Mwanaidi kwa sababu ya kicheko. Alikuwa anapita na mzigo wa kuni, akamsikia mtu anacheka nyuma ya ua, hakujua ni nani, akarudi kesho yake kupita palepale. Akasema, "Sasa wewe niambie, dresa. Atacheka?" Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akaniambia, "Vizuri. Sema sijui." Kisha akanigawia kipande cha muhogo wa kuchoma aliokuwa nao.

Walipomtoa, kichwa chote kilikuwa kimefungwa bandeji, mpira umepita puani, na damu iliyokauka shingoni. Siku tano za kwanza zilikuwa mbaya. Homa ilipanda, wakamchoma penisilini mchana na usiku, na kuna wakati ulimi ulikuwa unaanguka nyuma ikabidi mtu akae amemshika kichwa. Tulipokezana zamu. Nilikuwa namlisha uji wa maziwa kwa mpira, kidogo kidogo, naye ananitazama tu. Sikujua anawaza nini, wala sikustahili kuuliza.

Bandeji zilipopungua akaomba kioo kwa ishara. Yaya wa wodi akasema bado, asubiri apate nguvu. Mwanaidi akanitazama. Nikaenda kuazima kioo kwa kinyozi wa nje ya geti. Alijitazama kwa muda mrefu. Upande wa kushoto ulikuwa umeingia ndani, na kidevu kimekwenda pembeni, na mdomo unavuta. Aligusa mahali palipobonyea. Akageuza kioo akatazama upande wa kulia, ambao haujaguswa. Akarudi tena wa kushoto. Kisha akampa Shomari kile kioo, akafumba macho, na machozi yakamtoka kimya kimya mpaka kwenye mto. Shomari akakaa pembeni ya kitanda na kumfuta. Mimi nikatoka.

Tulirudi Fukayosi kabla ya mwezi kuandama. Binti yake Mwanaidi, Pili, yule aliyekuwa mchanga mgongoni, sasa ana miaka mitatu na ushee. Alipomwona mama yake akakimbilia nyuma ya Mzee Kondo, akalia. Siku mbili alikataa kwenda kwake. Mwanaidi hakumlazimisha. Siku ya tatu alikuwa ameketi uani anaponda ndizi kwa ajili yake mwenyewe, mtoto akaja taratibu, akatazama sufuria, akauliza, "Ni zangu?" Wakala pamoja, wote wawili kwa kijiko kimoja.

Sasa ni mwezi wa tano tangu akatwe. Kidonda kimepona. Anasema, na anaeleweka, ingawa akichoka maneno yanatoka kama yamelowa. Akitoka kwenda kisimani bado anajifunika, nyumbani hajifuniki. Watoto wa kijiji walimwita jina baya, Shomari akawafukuza kwa fimbo. Kicheko sijakisikia, nami sikai nikingojea. Nyumbani kwao wamenisamehe kiasi, kila mtu kwa kiasi chake. Mzee Kondo ananijibu salamu. Shomari anakaa nami barazani baadhi ya jioni. Mwanaidi anakuja kuoshwa kinywa na kuangaliwa kila baada ya wiki mbili, na tunazungumza habari za kinywa tu.

Nami, dada, nilikata tamaa na kazi hii. Nilianza kuogopa kusema lolote kwa mgonjwa. Mtu akiniuliza kama mwanawe atapona homa, nilikuwa nasimama kama bubu. Mwezi uliopita nikamwandikia daktari wa wilaya kuomba uhamisho, nije huko kwetu Mikindani, au hata Lindi, nikae karibu nawe. Nilikuwa nimeshaanza kufunga vitu.

Habari hazikai mahali. Jumatano iliyopita Mwanaidi akaja, si siku yake. Alikuwa amemleta mke wa jirani mwenye uvimbe kwenye titi, mwanamke mwoga sana, amemshika mkono kama mtoto. Akamkalisha kwenye benchi. Nikamwangalia yule mama, na nilipomaliza nilijua ni lazima aende hospitali kubwa, na kwamba pengine ni mbaya. Nikasita. Mwanaidi akasogea.

"Mwambie," akasema.

Nikamwambia. Nilimwambia ninachokijua na nisichokijua, kwa maneno mepesi, na yule mama akalia, lakini hakuinuka. Alikaa akauliza. Walipokuwa wanaondoka, Mwanaidi akageuka mlangoni.

"Nasikia unahama."

"Nimeomba."

"Mimi nimelipa nusu ya taya kukufundisha kusema kweli," akasema. "Sina taya jingine la kumfundishia dresa mwingine. Kaa hapa."

Akashika njia na mgonjwa wake. Jana nimeandika kwa daktari kuliondoa lile ombi. Kwa hiyo Idi hii usinitazamie, dada, wala usiweke sahani yangu. Naandamana na yule mama Dar es Salaam wiki ijayo, na Mwanaidi amesema naye atakuja, akae kwenye kiti cha pembeni na kusikiliza.

Nisalimie shemeji Bakari, mwambie vitabu alivyoniagiza sijavipata. Nisalimie shangazi Mwanahamisi, mlezi wetu wa pili, na umwambie dawa yake ya kikohozi isinywewe na asali ya kununua. Nisalimie mjomba Hamadi, imamu wetu, aniombee dua, asiulize ya nini. Wapwa zangu wote uwabusu vichwani, mkubwa mpaka mdogo. Na ukipita kaburini kwa mama, mwondolee majani, umwambie nimechelewa kujifunza.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Salum